Namba Saba na Ndimu za Rispa

Jumatatu, 7 Agosti 1967

Daftari jipya! Phelesia ameniletea kutoka Nairobi. Akasema, Mama, andika chochote. Basi naandika.

Naandika Kiswahili. Kijaluo mama mkwe anasoma, tena bila miwani. Kikurya changu sijawahi kukiona kimeandikwa. Kiswahili ndicho tulichoongea mimi na mume wangu Zadock tulipokutana soko la Migori, yeye hajui changu, mimi sijui chake, na mpaka leo tukigombana tunagombana kwa Kiswahili. Darasa nilifika la tatu. Makosa ni yangu, asilaumiwe mtu.

Mtoto amekonda! Chuo kikuu hawapiki? Nimempa samaki, nimempa kuon, ugali wa mtama na muhogo, amekula, ameshukuru, kisha akafungua sanduku lake. Nikangoja kuona nguo mpya. Hakuna nguo. Vibiriti kumi na viwili, kila kimoja na namba. Ndani, mifupa.

Si mifupa ya mtu, ashukuriwe Mungu. Ni ya wanyama wadogo wa bahari ya Mombasa. Wadogo mno, mmoja humwoni kwa macho. Wanaishi wengi pamoja kama nyuki, kila mmoja na chumba chake cha jiwe, na vyumba vikishikana vinakuwa kama kitambaa kilichofumwa. Vizuri, siwezi kusema uongo. Jina lao brayozoa.

Mwalimu wake, ambaye yeye anamwita Bwana tu, anataka kujua kila mfupa umejengwa kwa kitu gani. Kuna jiwe linaitwa kalisaiti, kuna lingine aragonaiti. Phelesia anasema kitu ni kile kile, mpangilio ndio tofauti. Na wengine wanachanganya magnesiamu kidogo, kama mimi ninavyochanganya muhogo kwenye mtama, na bahari ikiwa ya joto wanazidisha. Nikamwuliza, nani anawapimia? Akacheka mpaka akashika mbavu. Swali langu lilikuwa la kweli.

Sasa sikia jambo lenyewe. Wanafunzi ni watatu, wavulana wawili na mwanangu. Nafasi ya kubaki na Bwana na kuendelea na masomo ni moja. Kila mmoja ana vibiriti vyake vya kupima likizo hii. Majibu yafike Nairobi kabla ya tarehe ishirini na moja.

Nafasi ni ya Phelesia. Nimeamua. Nitasaidia.

Jumanne, 8 Agosti

Phelesia ametwanga mifupa yote kutwa nzima kwenye kinu kidogo cha kauri, kibiriti kwa kibiriti, mpaka imekuwa unga. Unga ukatoa harufu! Kama samaki aliyesahauliwa chini ya kitanda.

Nyieka Rispa akafika. Rispa ni mke wa kaka yake Zadock, ndiyo maana tunaitana nyieka, kama wake wenza; boma lake linatazamana na langu, na pua yake inafika kabla yake. Alisimama mlangoni, akauliza nimeficha nini. Nikasema ni masomo. Akasema, "Nyieka, mtoto amekaa Nairobi miaka miwili, amerudi na unga wa mifupa kwenye vibiriti. Huyo anasomea udaktari au ujuogi?"

Ujuogi! Mtoto wangu mchawi!

Nikamwambia wa kwake, James, ameshindwa hata kuendesha punda. Akasema punda wa James hanuki. Jibu la kumfaa nililipata baadaye nikiwa kisimani, zuri sana, lakini alikuwa ameshaondoka.

Jioni mama mkwe naye akasema hawezi kula kwenye nyumba yenye mifupa ya watu asiowajua. Nikamwambia ni wanyama. Akasema hata hao hawajui.

Hapana. Kesho kutwa akina mama wa kanisa wanakuja kwangu kwa maombi. Harufu hii lazima iondoke.

Jumatano, 9 Agosti

Mungu nisaidie.

Phelesia alikwenda Homa Bay asubuhi kununua mafuta ya stovu. Nikaona nafasi ndiyo hii. Huku ziwani kila mwanamke anajua: kitu kikinuka samaki, unakiosha kwa ndimu. Mikono, sufuria, kisu, mbao, vyote. Ndimu iko kwa Rispa peke yake. Nikamwomba sita. Akauliza za nini. Nikasema za samaki. Si uongo mkubwa, bahari ina samaki.

Nikachagua namba saba kwa sababu ndiyo ilinuka zaidi. Nikamimina unga kwenye bakuli, nikakamua ndimu. Ukaanza kuchemka bila moto! Povu, povu, kama soda iliyotikiswa. Nikafurahi. Nikasema, kumbe uchafu ulikuwa mwingi hivi! Nikaongeza ndimu nyingine. Nikatoka kufukuza mbuzi kwenye mihogo.

Kurudi, bakuli lina maji. Maji ya ndimu, basi. Nikatafuta kwa kidole. Nikachuja kwa kitambaa. Namba saba hayupo! Mnyama amekaa baharini sijui miaka mingapi, mawimbi hayakumfanya kitu, amekuja kuishia kwenye bakuli langu la uji.

Nililia kidogo. Kisha nikapangusa macho, kwa sababu kulia hakujazi kibiriti.

Nina mtungi wa maganda ya konokono wa ziwani. Nawatwangia kuku wangu, mayai yanakuwa na ganda gumu. Nikachukua kiganja kimoja, nikatwanga, nikapepeta mara mbili kwa kitambaa cha madhabahu ninachofulia kanisa. (Nimekifua tena.) Ukatoka unga mweupe, laini, hata mzuri kuliko wa kwanza. Nikaujaza kibiriti namba saba. Ukilinganisha na namba nane hutofautishi.

Jiwe ni jiwe. Nani atajua?

Alhamisi, 10 Agosti

Akina mama walikuja, tukaomba, Rispa akaomba kwa sauti kubwa kwamba Mungu asafishe nyumba zote zenye harufu. Akafumbua jicho moja kunitazama. Najua kwa sababu na mimi nilifumbua langu.

Walipoondoka Phelesia akaanza kupima, nje, nyuma ya ghala. Ana chupa ya maji ya rangi ya waridi, kobalti, sumu, amenikataza hata kuishika. Anaweka unga kidogo kwenye mrija wa kioo, anamimina hayo maji, anachemsha kwa stovu robo saa, anasuuza. Ukibaki mweupe ni kalisaiti. Ukigeuka zambarau ni aragonaiti. Rahisi kuliko kuivisha maharagwe.

Namba moja, nyeupe. Mbili, nyeupe. Tatu, zambarau kidogo na nyeupe kidogo. Akasema wapo wanaojenga kwa yote mawili. Nne, tano, sita, nyeupe. Mimi nimesimama na kikapu, najifanya nachambua mboga.

Saba. Zambarau! Zambarau kama shati la askofu!

Phelesia alipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Akanikumbatia na kikapu changu. Akasema jamaa yote ya namba saba inajulikana ni nyeupe, vitabu vyote vinasema nyeupe, Bwana mwenyewe alisema nyeupe! Akasema, "Mama, huenda nimeona kitu ambacho hakuna mtu ameona!"

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia. Naapa. Lakini sijamwona akicheka hivyo tangu apate barua ya chuo. Nikafunga mdomo. Nikasema, hongera, mwanangu.

Labda Mungu alitaka namba saba awe konokono.

Ijumaa, 11 Agosti

Nane, nyeupe. Tisa, nyeupe. Kumi mpaka kumi na mbili, nyeupe.

Phelesia ametulia, anaandika. Nikamwuliza, si unahuzunika? Akasema nyeupe pia ni jibu. Mtoto mwenye adabu, hataki kunionyesha uchungu wake. Lakini mimi ni mama. Zambarau moja imemfanya acheke siku nzima. Tatu je? Wavulana wale wawili watakuwa na zambarau ngapi?

Kesho anarudia zote. Kanuni yao, kila kitu mara mbili.

Nimetia konokono kidogo kwenye nane. Na kwenye tisa. Kijiko cha chai tu, nikakoroga vizuri.

Jumamosi, 12 Agosti

Sikutegemea.

Nane ikatoka na madoadoa. Tisa madoadoa. Phelesia hakupiga kelele. Alitazama mrija juani, akaugeuza, akautazama tena. Akaosha mirija yote, akarudia. Madoadoa. Jana nyeupe, leo madoadoa, unga ule ule, mikono ile ile.

Nikasema, lakini zambarau si ni nzuri? Akasema, "Si suala la uzuri, Mama. Kitu hakiwezi kuwa hivi jana na vile leo. Kama ni hivyo, kosa liko kwangu."

Hakula. Nilimchinjia jogoo mwekundu, ambaye nilikuwa nimemweka kwa ajili ya kaka yangu Matiko akija kutoka Migori. Hakula hata firigisi.

Zadock akaniuliza mtoto ana nini. Nikasema joto.

Jumapili, 13 Agosti

Kanisani Phelesia hakuimba. Rispa akaniuliza kama vibiriti vimemkaba koo.

Mahubiri yalikuwa ya Anania na Safira, wale waliodanganya wakafa. Mhubiri ana sura nyingi za Biblia za kuchagua, akachagua hiyo.

Jumatatu, 14 Agosti

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Nitaeleza.

Asubuhi Phelesia alinikuta nikichochea moto, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imekwisha, kwamba amemwandikia Bwana. Amemwambia majibu yake hayaaminiki, mikono yake haifai kazi hii, nafasi apewe mmoja wa wale wavulana. Yeye ataomba kufundisha shule ya msingi, Uriri au popote.

Nikauliza barua iko wapi. Akasema amempa Cephas, anakwenda Homa Bay.

Cephas! Mungu wangu, kwa nini Cephas?

Cephas ni karani wa ushirika wa pamba, kijana safi, na mwezi wa nne wajomba zake walikuja kwa Zadock kuonyesha nia. Zadock akawaambia wangoje mtoto amalize masomo. Hajaleta ng'ombe hata mmoja, lakini heshima imeshaanza. Yeye ni mkwe, mimi ni mama mkwe. Kwetu Ukurya na huku Ujaluoni jambo hili ni moja: simtazami usoni, hanitazami, tukikutana njiani mmoja anapisha. Kumkimbilia mkwe barabarani na kumshika mkoba? Afadhali nizikwe.

Lakini barua ikifika posta, mwanangu amekwisha.

Nikatoka bila viatu. Yeye ana baiskeli ila huwa anasimama dukani Rodi Kopany kujaza upepo, najua, kwa sababu kila mama mkwe anajua mkwe anapita wapi ili asipite hapo. Nikakata kwa mashamba ya watu. Nikafika kwenye ua wa ojuok, yaani minyaa, kabla ya barabara, nikachuchumaa nyuma yake. Nikamsikia anakuja, kengele inalia.

Nikajifunika uso kwa leso. Nikapaza sauti nikiwa huko huko nyuma ya ua, "Simama! Weka mkoba chini!"

Akasimama. Akauliza ni nani. Nitasema nini? Nikasema, ni mtu mzima.

Akaijua sauti. Maskini! Akaona heri afe kuliko kukutana nami. Akatupa baiskeli, akaruka upande wa pili, akaingia kwenye mtama wa mtu, nikasikia tu mabua yanavunjika yakielekea mbali. Mkoba ukabaki barabarani, gurudumu linazunguka.

Nilitoka, nikafungua mkoba, nikachukua barua ya mwanangu peke yake. Nyingine sikuzigusa, naapa. Nikaisimamisha baiskeli yake vizuri kwenye ua, nikapangusa kiti. Ni mkwe mzuri. Amekimbia kwa heshima sana.

Nilipogeuka, nani amesimama barabarani na mtungi kichwani? Rispa! Akatazama leso, akatazama mkoba, akatazama mtama unaotikisika. Akasema, "Nyieka, sasa unaibia wakwe?"

Nikaficha barua kwenye leso, nikashika njia ya nyumbani. Miiba miguuni kumi na moja.

Jumanne, 15 Agosti

Nimesema.

Nilipanga kusema kidogo kidogo. Kwanza nilitaka kumwambia panya. Nilikuwa nimeshamwandaa huyo panya, alipoingia, alichokula. Kisha Phelesia akaketi karibu nami, akaanza kunitoa mwiba wa mwisho, akasema, "Nilidhani nina mikono ya kazi hii, Mama. Kumbe nilikuwa najidanganya." Akainama tena, akaendelea kutafuta mwiba.

Panya akanitoka mdomoni akageuka konokono. Nikasema yote. Ndimu, bakuli, povu, mtungi wa kuku, kijiko cha chai kwenye nane na tisa. Nikampa barua.

Nikasema, nipige. Hakunipiga. Hakuniangalia pia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akatoka, akazunguka ghala mara nne. Nilihesabu. Akarudi na ganda la yai, ganda la konokono na ndimu moja iliyokuwa imebaki, akakamulia vyote mbele yangu. Povu huku, povu huku. Akasema, "Unaona? Ganda la yai, konokono, hao wanyama wa bahari, wote wamejengwa kwa chokaa ile ile. Ndimu ni asidi. Inakula yote." Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa kabisa.

Kisha akauliza kwa nini sikumwambia Alhamisi. Nikasema, kwa sababu ulicheka.

Hapo akalia. Mimi nikalia. Mama mkwe akaingia, akauliza nani amekufa. Tukasema namba saba.

Na sikiliza hili! Bwana amebaki na nusu ya kila mfupa huko Nairobi. Tangu mwanzo! Nusu ya namba saba imelala kabatini salama, wakati mimi nakufa huku kwa hofu. Mtu angeniambia, nisingesumbua konokono.

Jumatano, 16 Agosti

Phelesia ameandika barua nyingine. Amesema ukweli wote, na jina langu limo. Truphena, kwa wino. Zadock ameipeleka posta mwenyewe, maana Cephas sasa anapita njia ya Rongo.

Zadock alipoambiwa habari nzima alicheka mpaka akakohoa. Akasema kwa Kiswahili kwamba alioa mwanamke mmoja akapata serikali.

Jumapili, 20 Agosti

Hakuna barua. Sijalala vizuri. Kuku hawajui lolote, wanataga tu.

Jumamosi, 26 Agosti

Barua! Zadock ameileta, Phelesia ameisoma amesimama, kisha ameketi chini kwenye vumbi na gauni lake la kanisa.

Nafasi ni yake. YAKE!

Bwana anasema wale wavulana wawili waliandika nyeupe kila mahali, kama vitabu vilivyosema, hata kwa namba tatu, waliyopewa wote, ambayo yeye anajua ina yote mawili. Hawakuchemsha kitu. Anataka mtu ambaye rangi zikimkatalia, anakubali zimemkatalia. Pia amesema anamsalimu mama mwenye ndimu. Mimi! Nimesalimiwa kutoka chuo kikuu!

Nikapiga vigelegele. Rispa akaja mbio. Alipopata habari akatangazia boma zima kwamba ndimu zilizompa mtoto nafasi zilitoka kwenye mti wake. Nikamwacha. Leo nampenda hata Rispa.

Na si hayo tu. Chini kabisa Bwana ameandika kwamba angependa kuona hao konokono wa ziwani, maana zambarau yao ilikuwa safi. Phelesia anarudi kwa basi la Jumatatu, awabebe kwenye kopo moja. Maganda mazima, kama yalivyo.

Kazi hiyo nimeichukua mimi. Phelesia alisita, akaniambia mara tatu, "Kama yalivyo, Mama." Nikamwambia aende akaage watu bila wasiwasi.

Nimechagua maganda hamsini, makubwa, hakuna lililovunjika. Ila yananuka matope. Kama yalivyo, sawa, nimesikia. Lakini Bwana ametusalimu, ametufanyia wema, na mtu mkubwa kama huyo hapelekewi kitu kinachonuka. Phelesia angeaibika.

Nimefikiri sana juu ya kosa la mara ile. Ndimu sita zilikuwa nyingi.

Nimekwenda kwa Rispa. Nimeomba tatu tu. Akauliza za nini. Nikasema za samaki.